Nukta Nyeupe Nyuma ya Pedi

Gerejini,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako nimeshaipokea hata kabla hujaitamka, maana najua ukiuona mwandiko wangu kwanza unatabasamu, halafu unaanza kutafuta miwani iliyo kichwani kwako. Habari za huko? Wifi hajambo? Goti lake limepata nafuu, au bado anapanda ngazi huku akizihesabu kwa sauti? Na nyonga yako inasemaje siku hizi za baridi? Sisi huku tu wazima. Mama mzima kabisa, na presha yake imeshuka tangu daktari amkataze kusikiliza taarifa ya habari. Anakusalimu sana, na anasema simu haikutengenezwa kwa ajili ya kutangaziana misiba tu. Mimi pia mzima, ila mikono ni ileile ya grisi, sabuni imenyoosha mikono.

Utashangaa kuona barua na kifurushi wakati simu ninayo na sauti ninayo. Mambo mengine mtu akiyasema kwa simu, yule wa pili anaweza kukata. Barua hata ukiikunja kwa hasira, itabaki palepale mezani ikikungoja. Kifurushi nakuomba usikifungue kwanza. Najua huna subira, tangu utotoni ulikuwa unafungua zawadi zangu na zako, lakini safari hii nisikilize mdogo wako. Soma mpaka mwisho, ndipo uchukue kisu.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata, na nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Umeandika kwamba umesikia kwa watu tumelifufua gari lako, na kwamba binti yako asiingie uwanja wa mbio za magari kwa hali yoyote ile. Umesema damu yenu ni moja, na kwamba mguu uliokukataa wewe siku ya ajali, pale uwanjani kwenye Kona ya Toba, unaweza kumkataa na yeye. Umeniagiza nifunge gari, nifiche funguo, na nikishindwa nitoe hata magurudumu. Umesema pia kwamba daktari alikuruhusu kuendesha tangu mwaka wa pili baada ya ajali, ila wewe mwenyewe hujajiruhusu, na kwamba wifi ndiye anayekupeleka hata kwa kinyozi huku umekaa kiti cha nyuma kama mkaguzi. Nilicheka hapo, kisha nikaacha kucheka. Miaka tisa, kaka. Mtu aliyekuwa akiendesha gari kama wengine wanavyovuta pumzi, leo anapelekwa kunyolewa.

Na mwishoni, kama kawaida yako, ukanishukuru kwa kuikataa ile kazi ya karakana ya mabasi nikabaki kukuuguza. Hakuna barua yako isiyo na shukrani hiyo. Nitairudia baadaye.

Nianze na binti yako, maana najua ndiye unayemtafuta katika mistari hii. Masomo ya chuo yanakwenda vizuri. Walimu wanasema ana akili, mimi nasema ana ubishi, huenda wote tunasema jambo moja. Anakaa chumba kile chako cha zamani, na ule mlango unaokwama ameurekebisha kwa dakika kumi, mlango ambao wewe uliahidi kuushughulikia miaka ishirini. Akitoka darasani anavaa ovaroli langu la zamani na kuingia gerejini bila kuitwa. Anashika spana kama wewe, kidole gumba kikiwa nje, na nimechoka kumkataza.

Yeye ndiye aliyemfunua Kobe. Lile gari lako lilikaa chini ya turubai uani miaka yote hii, na Mama alishazoea kuanika nguo juu yake. Ukweli ni kwamba nilikuwa nalitengeneza kidogo kidogo siku nilizokosa wateja. Boneti nililitoa kwenye gari lingine, ndiyo maana Kobe sasa ana uso mwekundu na mwili wa kijivu. Binti yako alipoona injini imeshakaa mahali pake alinigeukia akauliza nilikuwa nasubiri nini. Tukamaliza kazi pamoja kwa miezi minne, na Mama akahamishia kamba ya nguo upande wa pili huku akilalamika kwamba katika nyumba hii magari yana haki kuliko watu.

Sasa uwanja umeanza kufunguliwa Jumamosi moja kila mwezi kwa watu wa kawaida. Hakuna mashindano wala vikombe. Unakuja na gari lako, wanakagua, unavaa helmeti, mwalimu anakaa kando yako mizunguko ya kwanza. Binti yako amejiandikisha kwa Jumamosi ijayo. Hakukuficha ili kukudharau. Aliniambia kwamba amekuona ukitazama barabara kupitia dirisha la gari kama mtu anayetazama nyumba aliyofukuzwa, na kwamba anataka kujua ni kitu gani kile kilichokutoka. Hayo ni maneno yake, mimi siwezi kutunga kitu kama hicho.

Yakaja mambo ya breki. Alikwenda peke yake kununua pedi kwa Orijino. Unamkumbuka Orijino, yule muuza spea ambaye hata ufagio wa dukani kwake anakuapia kwamba ni wa kiwandani. Ameota mvi lakini ulimi haujazeeka. Alimuuzia binti yako pedi kali kuliko zote, akamwambia mabingwa hawatumii nyingine. Mtoto akarudi anang'aa, ameshika boksi kwa mikono miwili. Nilipolitazama nikamwambia amenunua tanuri la mikate ili akaange yai.

Alinuna. Nikamkalisha juu ya tairi, nikamweleza kama ulivyonieleza wewe mimi nikiwa na umri kama wake. Nikamwambia kila pedi ina joto lake. Zile za barabarani zinashika tangu unatoka getini, lakini uwanjani, ukifika mzunguko wa nne au wa tano, zimechemka na kukata tamaa, unakanyaga na gari linakuangalia tu. Zile za mabingwa zinataka moto kwanza. Zikiwa baridi ni mawe, na kabla hazijapata moto wao unaweza kuwa umeshaonana na ukuta. Tena Kobe ni mwepesi na amevaa tairi za kawaida. Ukimpa pedi yenye nguvu kuliko tairi, gurudumu linaganda na gari linateleza kama sabuni sakafuni. Kwa hiyo anayechagua pedi anatakiwa kwanza ajue uzito wa gari, tairi zake, na mguu wa dereva. Ukali wa pedi unakuja mwisho.

Mguu wake niliupima mwenyewe. Nilikaa kando yake kwenye barabara ya nyuma ya maghala, nikaona anakanyaga breki polepole na kwa muda mrefu, kama mtu anayeomba radhi. Hivyo ndivyo pedi zinavyoungua. Nikamfundisha kukanyaga kwa nguvu mara moja, gari likae chini, kisha aachie taratibu. Mara ya sita alipata. Kaka, alipopata, kichwa changu kilitupwa mbele kwa namna ileile kilivyokuwa kikitupwa ukiendesha wewe.

Tukarudi kwa Orijino wawili. Nilimuuliza pedi zile zinaanza kushika kwenye joto gani na zinachoka kwenye joto gani, akanionyesha picha ya moto iliyochorwa kwenye boksi. Nikamwambia picha naiona, nataka namba. Alicheka, akajikuna, akasema mimi ndiye mteja pekee anayemfanya atamani kustaafu. Mwishowe akapiga magoti, akatoa boksi lenye vumbi rafu ya chini kabisa: pedi za kati, zinazoshika zikiwa na uvuguvugu na kuvumilia moto wa mizunguko mingi, zenye karatasi ya vipimo ndani. Hizo ndizo nilizotaka. Za mbele tumefunga hizo, za nyuma tumebakiza za kawaida. Oili ya breki nimemwaga ya zamani na kutia mpya ya kustahimili joto, na mipira yote nimebadilisha. Nakuandikia yote haya kwa sababu najua ungeuliza.

Tulipokuwa tunaondoka Orijino akakuulizia. Akasema maishani mwake hakuwahi kuamini kwamba ulichelewa kukanyaga breki siku ile. Alisema amekuona ukiendesha miaka kumi na miwili, na mguu ule haukuwahi kuchelewa hata kwenye chai. Binti yako alinitazama. Mimi nikajifanya nasoma boksi.

Zikabaki kuivishwa. Neno hili la kuivisha sijui kama gereji nyingine wanalo, nadhani ulilibuni wewe. Nilimweleza kwamba pedi mpya ni mbichi. Ina gundi na dawa za kiwandani ndani yake, na inapopata moto mkali kwa mara ya kwanza inatoa hewa, hewa ile inakaa katikati ya pedi na diski ya chuma inayozunguka na gurudumu, na gari linapita juu yake bila kushikwa na kitu. Kwa hiyo unaipeleka barabara tupu, unakimbia na kupunguza mwendo kwa nguvu mara kumi bila kusimama kabisa, mpaka unasikia harufu ya kuungua, halafu unaendesha taratibu bila kugusa breki mpaka ipoe. Hapo imeiva. Nikamweleza na sheria yako: aliyeivisha ndiye anayepaka nukta nyeupe nyuma ya pedi, mahali inapoonekana kwa kuchungulia katikati ya rimu, na mtu mwingine yeyote asiliguse kopo la rangi. Bila nukta gari haliingii uwanjani. Yenye nukta haiulizwi.

Sheria hiyo ilimfurahisha mno. Akakimbilia kwenye kabati kutafuta rangi. Aliporudi alikuwa na kopo mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika pedi kuukuu aliyoikuta nyuma ya droo ya chini, imefungwa kwenye kitambaa.

Aliifungua, akaipeleka kwenye mwanga, akaanza kuisoma kama nilivyomfundisha. Alisema ina nukta nyeupe. Akaigeuza. Akasema uso wake unang'aa kama kioo, kwa hiyo ilipata moto mkali ghafla. Akapitisha kidole upande mmoja, akasema ajabu, huku mistari ya kiwandani bado ipo, haijafutika kama inavyofutika pedi ikiiva. Akafikiri kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ya mwanafunzi anayejua amepata jibu, kwamba pedi hii haikuivishwa, na fundi aliyeipaka nukta alidanganya.

Nilimwambia akanawe mikono.

Kaka, pedi ile ni ya Kobe. Ni ya siku ile. Ndiyo iliyomo kwenye kifurushi.

Sasa nisikilize, maana nimeshaandika kipande hiki mara tatu na kukichana. Pedi zilifika alasiri ya siku iliyotangulia mbio. Uliniambia nizifunge, na alfajiri nimpeleke Kobe barabara ya maghala, mara kumi, kama kawaida. Ulichokuwa hujui ni kwamba saa mbili asubuhi ileile nilikuwa na usaili kwenye karakana ya mabasi, upande wa pili wa mji. Sikukwambia. Niliogopa kukuona ukisema hongera kwa mdomo huku macho yakiuliza nani atakufungia gari. Nilikuwa nimechoka kuitwa mdogo wake fulani. Nilitaka mahali ambapo ningeitwa fundi tu.

Nilifika maghala kumeshapambazuka. Kulikuwa na lori limekaa mshazari, limeziba barabara nzima, wanashusha magunia. Nilingoja. Nikatazama saa. Nikangoja tena. Nikajaribu kile kipande kifupi kilichobaki, nikakanyaga mara mbili, mwendo hata haukufika nusu ya unaotakiwa. Nikageuza gari. Njiani nilijiambia kwamba wewe huwa unaanza polepole, kwamba mzunguko wako wa kwanza ni wa kunusa barabara, na pedi zitaivia hukohuko. Nilijiambia mambo mengi, na yote yalikuwa na sauti ya mtu anayechelewa usaili. Nilipofika gerejini nikachovya brashi, nikapaka nukta nne. Halafu nikanawa mikono mara tatu ili isinuke petroli mbele ya wakubwa.

Wewe ulikuja, ukainama, ukachungulia katikati ya rimu. Uliona nukta. Hukuniuliza kitu, kwa sababu nukta ndiyo ilikuwa jibu. Ulinipiga begani ukasema hakuna dereva mwenye fundi kama wako. Nikakwambia nakwenda kutafuta nati za magurudumu na nitakukuta uwanjani. Hakukuwa na nati, kaka. Nilipofika uwanjani, gari la wagonjwa lilikuwa linatoka.

Unakumbuka wakaguzi walivyosema. Oili imejaa, mabomba mazima, kanyagio gumu kama inavyotakiwa, na barabarani hakuna hata alama moja ya tairi kabla ya ukuta. Wakahitimisha kwamba dereva hakukanyaga breki kwa wakati. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao na nilijua. Pedi mbichi zikitoa hewa ndivyo zinavyofanya. Kanyagio linabaki gumu, unasukuma kwa nguvu zako zote, gurudumu haligandi, tairi haliachi alama, na gari linaendelea na safari yake. Kobe aliporudishwa hapa akiwa amevunjikavunjika nilifungua breki mwenyewe kabla mtu mwingine hajazigusa. Pedi tatu nilizitupa. Ya nne mkono ulikataa kuiachia.

Hilo ni kosa, na labda kosa lingekuwa na msamaha wake. Lakini kuna la hospitali. Siku ya tatu, ulipoamka vizuri, uliniita karibu. Ulisema uliona ukuta, ukakanyaga, na kanyagio lilikuwa gumu lakini gari lilikwenda tu. Kisha ukaniuliza, mimi fundi wako, kama jambo hilo linawezekana. Ulinitazama kama mtoto anayemtazama daktari. Nilikurekebishia shuka nikakwambia upumzike, dawa za maumivu huwa zinachanganya kumbukumbu.

Hukuuliza tena. Wiki iliyofuata ukaanza kusema ulichelewa. Mwezi uliofuata ukaanza kusema mguu ulikukataa. Nilikuona ukiukanyaga sakafuni ukiwa umekaa kitandani, taratibu, kama unaupa mtihani, na nikatoka nje kwenda kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Mwishowe ukauza vifaa vyako vyote, ukahama, ukamkabidhi wifi funguo.

Na ile kazi niliipata. Barua yao ilikuja ukiwa bado umefungwa plasta. Niliikataa, watu wote wakasema mdogo mtu ana moyo wa dhahabu, na wewe umekuwa ukiniandikia hivyo kwa miaka tisa. Nilikuuguza kwa sababu nakupenda, hilo usilitilie shaka hata dakika moja. Lakini nilibaki pia kwa sababu sikustahili kwenda. Kila uliponishukuru nilitamani ungenitukana.

Ningeweza kuendelea kunyamaza, maana aibu nimeshaizoea. Lakini barua yako sasa inamrithisha mtoto ugonjwa ambao hukuwa nao. Umeniandikia kwamba mguu wa ukoo wetu haufai. Nimeusoma mstari ule nikiwa nimekaa ndani ya Kobe, na niliona kwamba nikikaa kimya safari hii nitakuwa nimepaka nukta ya pili.

Kwa hiyo soma hapa vizuri, na kama miwani imeingia ukungu ifute: mguu wako haukuchelewa. Ulikanyaga. Ulikanyaga kwa wakati, kwa nguvu, kama ulivyofanya siku zote, na ni mimi niliyekuacha bila breki. Sasa fungua kifurushi. Ipitishie kidole ile pedi upande wenye mistari. Wewe ndiye uliyenifundisha kuzisoma, huhitaji neno langu, na baada ya haya sitegemei kwamba utalitaka.

Binti yako hajui ile pedi ni ya nani. Nadhani anakisia, maana tangu siku ile ananiita shangazi kwa sauti ya chini na amekuwa akiniletea chai bila kuombwa. Sikumwambia kwa sababu haikuwa haki ajue kabla yako. Mama naye hajui. Nitamwambia mwenyewe Jumatano, akishatoka kupimwa presha, ili angalau namba ya wiki hii iandikwe ikiwa nzuri.

Kobe amesimama uani. Pedi nilizochagua zimefungwa, na ni mbichi. Nimemwambia binti yako kwamba hazitaivishwa na mimi wala yeye, na kwamba zisipoiva Jumamosi haendi, tutangoja mwezi mwingine au mwaka mwingine. Hakubisha, jambo ambalo kwake ni muujiza. Barabara ya maghala Ijumaa asubuhi haina malori, nimekwenda kuuliza, na safari hii niliuliza mara mbili. Kopo la rangi na brashi nimeviweka kwenye kiti cha dereva.

Ukija, mimi nitakaa ndani na Mama nisikutie aibu wala mimi nisione aibu, mpaka utakaponiita. Usiponiita nitaelewa. Usipokuja nitaelewa pia, ila usije ukaacha kuja kwa sababu ya mguu. Sababu hiyo nimeshakunyang'anya.

Nisalimie wifi, mwambie nimemtwisha mzigo wa kukuendesha miaka tisa na nitamwomba radhi uso kwa uso. Mama anasema ukija ulete na zile blanketi zake mbili ulizoazima. Binti yako anakubusu mkono. Mungu akulinde barabarani, hata ukiwa kiti cha nyuma.

Ni mimi mdogo wako,
fundi wako, kama bado unanihesabu.